Samaki Chini ya Godoro la Mama Mkwe

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Mke wangu Ngoie alitoka katika chumba cha mama yake akiwa ameshika kitenge kilichofungwa fundo. Alikuja nacho mpaka pale nilipokuwa nimekaa uani, chini ya kibanda cha nyasi, akakiweka mezani na kukifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya makayabo, wale samaki wa chumvi niliowanunua mwenyewe, vimekauka kama gome la mti. Mlikuwa na nyama ya mbuzi iliyoota ukungu. Mlikuwa na mabonge ya bukari, ugali wetu, magumu kiasi kwamba ungemtupia mbwa bonge moja angekimbia. Vyote hivyo vilitoka chini ya godoro la mama mkwe wangu.

Nilipigwa na butwaa. Wiki tatu nzima sahani ya yule mama ilikuwa ikirudi jikoni tupu, imefutwa safi, na mimi nikiona fahari kwamba kwangu anakula akashiba.

Lakini ngoja nianze mwanzo. Uzee una tabia ya kuishika hadithi mkiani.

Nilikuwa na miaka kama thelathini hivi. Nilifanya kazi katika kiwanda cha shaba hapa Kolwezi, na tuliishi kambi ya wafanyakazi, nyumba ya vyumba viwili na kijumba kidogo nyuma. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe, Mama Kabange, akabaki peke yake kule Lubudi, na Ngoie akaniomba tumlete kwetu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Akaja kwa gari la moshi, na sanduku moja na kuku mmoja amefungwa miguu. Tukampa kile kijumba cha nyuma, chenye mlango wake unaofungukia uani.

Sasa wewe kijana wa leo itabidi nikueleze jambo. Kwetu, mama wa mke wako ni mtu wa kuogopwa kwa upendo. Wewe unamwita buko, na yeye anakuita buko, maana ukwe ni wenu wote wawili. Humtazami usoni. Huli mbele yake, wala yeye hali mbele yako. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Dawa ya haya hiyo ipo, kila ukoo na namna yake. Kwetu mkwe hupeleka kuku mweupe na kitenge, na mama akivipokea, basi, haya imeondoka, mnaweza kusalimiana na kula nyumba moja kama watu. Mimi sikupeleka. Kuku ningempata, kitenge ningekipata. Tatizo ni kwamba nilipenda sifa.

Jirani yangu Tata Monga, tata kwetu ni baba, ambaye tulikuwa tukicheza naye dama kila jioni, ndiye aliyenilevya kwa sifa hizo.

"Tata Ilunga, we njo buko ya kweli," alikuwa akiniambia, yaani ndiwe mkwe wa kweli. "Ba leo banakula na buko kwa meza moya. Haya imeisha. Lakini we, hata kivuli yake hauangalie."

Nami nilikuwa nikishusha macho kwa unyenyekevu, huku moyoni navimba. Kambi nzima ilijua kwamba Ilunga anamheshimu mama mkwe wake. Nilitaka iendelee kujua.

Basi nilimheshimu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa chakula. Nilimwambia Ngoie kwamba mama yake asile kamwe majani matupu katika nyumba yangu. Makayabo kila siku, na mbuzi siku ya Jumapili. Na bukari isongwe ikaze, maana bukari laini ni ya wagonjwa na watoto, nisije nikasikia Lubudi wanasema mama yao analishwa uji kama mtoto mchanga. Sikuuliza hata mara moja ana meno mangapi. Utaulizaje meno ya mtu ambaye huruhusiwi kumtazama usoni?

Njia ya pili ilikuwa kiti changu. Mwezi ule wa tatu tangu afike, kampuni ikanipa likizo, konge kama tunavyosema sisi. Mwezi mzima nyumbani. Ngoie na mama yake walikuwa wakipika na kuongea ndani, na mkwe mwenye adabu haingii mahali alipo buko wake. Kwa hiyo nikahamia uani. Asubuhi natoa kiti changu cha mbao, nakiweka chini ya kile kibanda cha nyasi, na hapo nakaa mpaka jua linazama. Kibanda kilikuwa katikati ya ua. Upande huu mlango wa kijumba cha mama. Upande ule, nyuma ya mpapai, choo. Aliyetoka kijumbani kwenda chooni ilimlazimu kupita karibu nami kiasi kwamba ningeweza kumgusa nguo.

Umeshaona, mwanangu? Mimi sikuona. Nilikaa pale siku baada ya siku na macho yangu mawili, sikuona.

Wiki ya kwanza ya likizo, Ngoie aliniambia mama yake amekuwa mkimya. Nikasema ni msiba wa baba, utapita. Wiki ya pili akaniambia analalamika kichwa, anapepesuka akisimama, na tumbo limefunga siku nyingi. Nikasema aongezewe nyama, apate nguvu. Unasikia maneno ya mtu aliyeshiba? Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba chakula na sifa pia.

Wiki ya tatu mama akaanza kuongea na marehemu mume wake. Alimwita Ngoie kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mchana mmoja, tukiwa na Tata Monga tumeinamia dama, mlango wa kijumba ukafunguka. Mama Kabange akatoka na sanduku lake kichwani, kitenge kimefungwa upande, miguu mitupu. Alitembea akiyumba mpaka mbele yangu akasimama. Kisha akanitazama machoni.

Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu angevua nguo kanisani. Buko wangu ananitazama machoni, mchana, mbele ya mtu.

"Masinamoshi ya Lubudi inapita saa ngapi?" akaniuliza. "Na we ni nani, unakaa kwa gare?"

Alidhani yuko stesheni ya gari la moshi. Tata Monga alibaki na kete mkononi, kinywa wazi. Mimi nilifunika uso kwa mikono. Ngoie akaja mbio, akamshika mama yake begani, akamrudisha ndani. Ni kesho yake asubuhi, alipotaka kutandika godoro upya, ndipo alipokuta kile kitenge chenye chakula.

Sasa umejua tulipoanzia. Ngoie amesimama, kitenge kiko mezani, nzi wameanza kuja. Na Tata Monga, ambaye alikuwa amekuja kuuliza hali ya mgonjwa, akaangalia vile vitu akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii haiko bure," alisema kwa sauti ya chini. "Muzee anaficha nyama kwa kitanda. Analisha nani? Anasema na bantu benye balikufa, njo anabalisha. Tata Ilunga, hii ni bulozi. Iko ndani ya nyumba yako."

Bulozi, yaani uchawi. Mwanangu, nataka ujue kwamba mimi nilikuwa Mkatoliki, nilisoma, nilifanya kazi na mashine. Hata hivyo neno lile liliingia ndani yangu likapata mahali pa kukaa. Kwa nini mtu afiche chakula alichopewa kwa heshima? Kwa nini ule ugonjwa umemzidi wakati huu ambapo mimi niko nyumbani? Monga aliniuliza hivyo. Akasema mtaa wa pili kuna watu wa maombi, wanamfungia mtu kama huyo siku tatu, hali, hanywi hata tone la maji, mpaka kile kitu kitoke. Atawaita waje saa sita mchana.

"Ule ni mama yangu," Ngoie alisema. "Tata Ilunga, ule ni mama yangu."

Nikamjibu, na jibu hili nitalibeba mpaka kaburini: "Heshima iko na mpaka." Nikamwambia Monga aende.

Mimi. Yule yule niliyekuwa sithubutu kutazama kivuli cha mama mkwe, nilikubali afungiwe kama mbuzi. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Hapo ndipo nilipojua, baadaye lakini, kwamba heshima yangu haikuwa na mizizi. Ilikuwa ya kuonwa na watu tu.

Ngoie hakubishana nami. Alipita nyuma ya mpapai, akaruka ua wa matete akaenda kumwita Mama Mbuyu. Huyo alikuwa mkunga mstaafu wa zahanati ya kambi. Nusu ya watoto wa mitaa yetu walipita mikononi mwake, na baba zao wengi walikuwa wakibadili njia wakimwona, kwa sababu ya ulimi wake. Alifika kabla ya watu wa maombi, akihema, na kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Hakunisalimu. Aliingia kijumbani akafunga mlango.

Alikaa ndani kitambo. Nilisikia sauti yake tu, ya chini na ya polepole, kama mtu anayemwimbia mtoto. Sikujua kama Mama Mbuyu alikuwa na sauti hiyo. Alipotoka, alikuja akasimama mbele yangu.

"Choo yenu iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Mama analala wapi?"

Nikashangaa, maana alikuwa ametoka humo sasa hivi. Nikaonyesha.

"Na we, konge yote hii, unakalaka wapi?"

"Hapa," nikasema.

Alikwenda mpaka mlango wa kijumba. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea chooni, taratibu, kwa hatua za mwanamke mzee mwenye magoti mabovu. Alipofika kwenye kiti changu akasimama, kwa sababu asingeweza kupita bila kunisukuma. "Simama," akaniambia. Nikasimama. Akakinyanyua kiti changu kwa mikono yake miwili, akakitupa pembeni kwenye shimo la taka.

"Ulikuwa unatafuta mulozi," alisema. "Mulozi njo huyu. Njo kiti yako."

Kisha akanieleza, mwanangu, na kila neno lilinichoma. Mama Kabange alikuwa amezinduka kidogo humo ndani, akamshika mkono, akamnong'oneza: "Nikikunwa mayi, nitataka kutoka inje. Buko iko kwa njia." Basi, alikuwa ameacha kunywa. Siku za kazi, nilipokuwa kiwandani, alikuwa anakunywa asubuhi na anajisitiri kabla sijarudi. Likizo ilipoanza, akapunguza. Kikombe kimoja alfajiri kabla sijaamka, baadaye nusu kikombe, baadaye kulowesha midomo tu. Na kiu haikumsumbua sana, Mama Mbuyu alisema, kwa sababu mwili wa mzee husahau kudai maji. Wewe kijana ukikauka kidogo koo linapiga kelele. Mzee anakauka kimya kimya, na kinachoanza kupotea ni akili.

"Na hii nyama?" nikauliza. Nilitaka sababu. "Juu ya nini alificha?"

"Kuya uone."

Nikakataa kuingia. Haya, bado haya. Akanishika shati akaniingiza. Mama Kabange alikuwa amelala chali, midomo imepasuka, macho yamezama. Mama Mbuyu akamfungua kinywa polepole kwa kidole. Ulimi ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Na meno yalikuwa manne. Mawili juu upande wa kulia, mawili chini upande wa kushoto. Hayakutani.

"Hii meno ine njo ya kukata makayabo yako?" Mama Mbuyu aliniuliza. "Na chumvi yote ile, mutu hana mayi? Anajaribu kulamba, kulamba, samaki haikatike, chumvi inamupandisha tansio. Atarudisha sahani iko mujaa, utasema anazarau nyumba yako. Atatupia kuku, kuku iko inje, na inje iko we. Atafanya nini? Ataficha."

Nilikaa chini kwenye sakafu, mwanangu. Wiki tatu yule mama alikuwa akinilindia sifa zangu kwa njaa yake. Alifuta sahani kwa mkono ili mkwe wake asione aibu. Na mimi nilikuwa nimetuma watu waje kumfungia.

Wahenga husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hii inamcheka mgonjwa. Siku ile niliisikia upya. Kuna anayeficha, na kuna aliyemfanya afiche.

Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya Tata Monga, maana alirudi wakati ule ule kusema watu wa maombi wako njiani, na Mama Mbuyu akamwambia neno moja ambalo sitalitamka hapa, Monga akakabidhi baiskeli mwenyewe na kuisukuma. Sikumchukia Monga. Alisema ujinga aliokuwa nao, na mimi nilikuwa na wangu tayari, ulikuwa unamsubiri rafiki.

Daktari alimpima, akamwekea maji ya dripu. Alisema mwili umekauka, tansio, yaani shinikizo la damu, iko juu, na njia ya mkojo imeshika maambukizi kwa sababu ya kujizuia na kutokunywa. Alisema mzee akipata mambo hayo matatu pamoja, kuchanganyikiwa si jambo la kushangaza. Kisha nikamweleza habari ya zile siku tatu za kufungiwa. Sijui kwa nini nilimweleza, labda nilitaka mtu anipige. Aliacha kuandika.

"Siku tatu bila maji?" akasema. "Ungeniletea maiti, tata. Labda hata usingefika nayo siku ya tatu."

Mpaka leo nikifika hapo katika hadithi hii nafanya ishara ya msalaba.

Siku ya tatu akili ilimrudia. Ngoie alikuwa kando ya kitanda, mimi nje ya mlango, nimegeukia ukuta kama desturi. Nilimsikia akiuliza yuko wapi, na Ngoie akamweleza. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba lakini yake kabisa.

"Na buko, amekula?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza, mwanangu. Nilitoka mpaka nje ya geti la hospitali nikalia mbele ya wauza mikate, sikujali nani ananiona.

Aliporudi nyumbani, nilipeleka kuku mweupe na kitenge kipya. Mama Mbuyu alikuwa shahidi. Mama Kabange alivipokea kwa mikono miwili, akitazama chini. Ngoie akaleta bilauri ya maji akamkabidhi. Mama aliishika muda mrefu. Kisha, mbele yangu, uso ameugeuzia ukutani, akanywa yote mpaka mwisho. Nimeona misa kubwa na nimeona sherehe za kiwanda na bendi, lakini sijaona tendo lililonishtua na kunifurahisha kama bilauri ile.

Baadaye kidogo akasimama. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nimekaa kwenye kigoda uani kando ya njia, miguu nimeinyoosha. Alitoka mlangoni, akatembea kuelekea nyuma ya mpapai, kichwa juu, polepole. Alipofika kwangu akasimama.

"Buko," akasema, "kusanya miguu."

Nikaikusanya haraka kama mtoto wa shule. Akapita.

Aliishi nasi miaka mingine sita. Ngoie alimpikia uji wa mahindi uliochanganywa na karanga zilizotwangwa, maharage yaliyopondwa, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyoiva mpaka ikalainika, dagaa waliosagwa, yai, na papai la ule mpapai wetu, ambalo lilifungua tumbo lake vizuri kuliko dawa. Bukari yake ilikuwa laini. Makayabo aliyapenda, hatukumnyima, lakini Ngoie aliyaloweka maji usiku kucha na kubadili maji mara kadhaa, kisha akayachambua mpaka yakawa nyuzi, naye akala kidogo tu. Hakuna mtu wa Lubudi aliyecheka. Na kama alicheka, sisi hatukusikia, tulikuwa tunakula.

Unaweza kufikiri mzee huyu alijifunza somo lake mara moja basi. Mimi pia nilifikiri hivyo. Sasa Ngoie amenitangulia mbele za haki, nami naishi kwa mwanangu wa kumzaa, hapa hapa Kolwezi, katika nyumba nzuri ya vigae. Mke wake, Mujinga, ananitunza bila kuchoka. Choo kiko ndani, na mlango wake unafungukia sebuleni, mahali ambapo vijana wachimbaji, rafiki za mwanangu, hukusanyika kutazama mpira. Ni vijana wazuri. Wananisimamia wote nikipita, wananyamaza wote, "muzee, muzee", na mimi natembea katikati yao na gongo langu, kila mtu akijua ninakokwenda.

Mwezi uliopita nilianza kuamka na kizunguzungu. Tumbo likafunga. Siku moja nilitafuta miwani yangu nikakuta vikombe viwili vya chai vilivyojaa kando ya kitanda, na glasi ya maji, vyote havijaguswa, nzi wameingia. Nikajiuliza ni nani asiyekunywa chai yake. Kisha nikashtuka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa nafanya kama Mama Kabange. Mimi, niliyesimulia habari hii kwenye misiba mingapi, nilikuwa nimeanza kujikausha, na sikuwa hata nimejua kwamba naficha.

Nilimwita Mujinga. Nilimwambia, "Mwana, niko naona haya kupita mbele ya bantu." Yalikuwa maneno mazito kuliko magunia niliyobeba ujanani. Hakucheka. Kesho yake viti vya sebuleni vilikuwa vimegeuzwa, na pazia limetundikwa, na njia yangu iko wazi. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu kwao. Mama Kabange alikaribia kufa kwa kukosa dakika hizo.

Basi sikiliza, mwanangu, nimalizie. Wewe unayechimba shaba na kobalti unatuma kreti za soda na katoni za makayabo kwa mama yako, na watu wanakusifu. Moyo wako ni mwema. Lakini sukari na chumvi nyingi si zawadi kwa mwili uliochoka. Nenda mwenyewe ukale naye. Tazama anavyotafuna. Tazama sahani inarudi vipi, na usiiamini sahani tupu. Mwekee maji karibu na mkono wake na umkumbushe, kidogo kidogo, mchana kutwa, maana kiu yake imezeeka pamoja naye. Ikiwa ana ugonjwa wa moyo au wa figo, muulize kwanza daktari kiasi gani. Mpime tansio, mpime sukari, hata kama anasema hajambo, kwa sababu wazee wako watasema hawajambo mpaka mwisho. Na siku akianza kukuita jina la marehemu, akificha vitu, akiongea na ukuta, usimwite mlozi na usimruhusu mtu amwite hivyo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Uliza amekunywa nini, amekula nini, amekwenda haja lini. Hapa mjini bado kuna wazee wanaofungiwa vyumbani kwa kosa la kukauka, na nikisikia habari hizo silali.

Kisha tembea njia yake, kutoka kitandani mpaka chooni, kwa hatua zake. Angalia ni nani amekaa njiani. Huenda ukakuta ni wewe.

Mungu akuzeeshe, mwanangu, uzee wa kushiba na wa akili timamu. Akupe mtu wa kukulainishia bukari bila kukucheka. Akuondolee mapema heshima ya kuonwa na watu, akupe ile ya kweli. Na siku utakapopita mbele ya wakwe zako kwenda nyuma ya mpapai, upite polepole, kichwa juu, na wote wakusanye miguu.